Habari za Bangi, na Jinsi Ilivyohukumiwa

Katika miaka hii ya karibuni nchi nyingi zimeanza kubishana tena juu ya bangi: je, sheria iiruhusu, au iendelee kuikataza? Walimu na wachungaji huulizwa neno hili na wanafunzi wao, na wazazi, na pengine na wazee wa baraza. Wengi wetu hujibu upesi, kwa kuwa twadhani kwamba jambo hili halina historia. Twadhani bangi ilikatazwa tangu zamani kwa sababu zilizojulikana na watu wote, na kwamba ubishi wa leo umezuliwa na vijana tu. Sivyo. Bangi imekwisha kuhukumiwa mara nyingi, katika mabaraza makubwa na madogo, na hukumu zile hazikupatana. Nia ya makala haya ni kuzieleza moja moja, ili msomaji aone ni ushahidi gani uliotegemewa. Sikusudii kumsifu mvutaji, wala kumwombea mfanyabiashara. Nakusudia kuuliza jinsi watu wanavyopata kujua jambo ambalo wanalihukumu. Na mwishoni nitaeleza kwa nini swali hilo lanigusa mimi mwenyewe.

1. Jina na mmea

Neno bangi asili yake si ya Kibantu. Latoka Bara Hindi, ambako majani ya mmea huu huitwa bhang, na katika Kisanskriti, lugha ya kale, bhanga; nalo limo katika Atharva-Veda, maandiko ya Wahindi yapatayo umri wa miaka elfu tatu. Lilifika pwani yetu kama yalivyofika maneno mengine mengi, kwa biashara ya baharini. Washona husema mbanje, na sikio lolote lasikia kwamba neno ni lile lile. Lakini ukienda mbali zaidi majina hubadilika kabisa. Katika Malawi ni chamba. Waganda husema njaga. Wanyarwanda husema urumogi. Katika nchi za Kongo na Angola ni diamba, au riamba, au liamba. Wazulu husema insangu. Wasotho husema matekoane. Wakhoikhoi wa kusini walikuwa na jina ambalo Waholanzi wa Cape walilichukua na kulifanya dagga. Jan van Riebeeck, mkuu wao wa kwanza, aliliandika katika miaka ya 1650. Majina mengi namna hii yaonyesha kwamba mmea ulikuwa umekaa Afrika siku nyingi kabla ya serikali yoyote ya sasa kuwako, hata kila taifa likaupa jina lake.

Wahindi huutofautisha mmea huu kwa majina matatu. Bhang ni majani, ambayo aghalabu husagwa na kunywewa pamoja na maziwa. Ganja ni vichwa vya maua ya mmea wa kike, navyo huvutwa. Charas ni utomvu wake, ulio mkali kuliko vyote. Waswahili walichukua jina la majani, lililo jina la kitu chepesi kuliko vingine, wakalitia juu ya vyote vitatu. Hili si kosa, maana kila lugha hukopa kama inavyohitaji. Lakini msomaji aliweke moyoni, kwa kuwa baadaye tutaona watu wenye elimu wakibishana juu ya neno moja huku kila mmoja ana kitu kingine mkononi.

Katika chombo cha kuvutia, Waswahili hawakukosa majina. Askofu Steere aliyakusanya katika kitabu chake cha lugha kilichotoka mwaka 1870. Bori ni kichwa cha kutilia moto. Digali ni mti utokao borini hata majini. Kiko hasa ni kile chombo cha maji. Shilamu ni mti unaoelekea kinywani. Na mlio wa maji mtu avutapo huitwa malio ya kiko. Lugha yenye majina matano kwa kiko kimoja yatuambia kwamba kuvuta kulikuwa desturi ya kadamnasi, si jambo la kufanywa nyuma ya nyumba. Tena Burton, aliyesafiri toka pwani hata Tanganyika katika miaka ya 1857 hata 1859, aliandika habari za bangi iliyovutwa katika vijiji vya njiani.

2. Wana wa Riamba

Mfano wa ajabu kuliko yote watoka Kasai, katika nchi ya Kongo, kwa watu walioitwa Bashilange, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiluba. Habari zao ziliandikwa na Wajerumani wawili, Pogge na Wissmann, waliofika kwao mwaka 1881. Wissmann ndiye yule yule aliyetokea Saadani mwaka uliofuata baada ya kuvuka Afrika toka magharibi hata mashariki, na ambaye baadaye alipata kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Bashilange zamani walikuwa watu wa vita. Kijiji kilipigana na kijiji, wala mtu hakutembea pasipo silaha. Miaka michache kabla ya wageni hao kufika, yalitokea mageuzi chini ya chifu aliyeitwa Kalamba Mukenge. Dawa za uganga zilichomwa moto. Silaha zilikatazwa kuingizwa vijijini. Watu walisalimiana kwa neno moyo, maana yake uzima, nao wakajiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikutana mahali palipofagiwa katikati ya kijiji, wakavuta pamoja kwa kiko kikubwa cha kibuyu, na kule kuvuta pamoja kukawa agano: mtu hamwui aliyevuta naye. Mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka akapotewa na akili.

Msomaji ataona hapa hatari mbili za kuhukumu. Wa kwanza atasema, “Tazameni, bangi huleta amani!” Wa pili atasema, “Tazameni, taifa zima lililewa!” Wote wawili wakosa jambo moja. Katika miaka ile ile njia za biashara ya pembe zilikuwa zikifunguliwa na Wachokwe waliotoka kusini-magharibi, na chifu aliyetaka misafara ipite kwake alihitaji nchi isiyo na vita. Kalamba alipata amani, akapata na ushuru. Moshi ulikuwa muhuri wa agano, si agano lenyewe. Wazee waliokuwa na nguvu chini ya desturi ya kale hawakupendezwa, na wengine waliasi. Hivyo hata wakati ule, ubishi juu ya bangi ulikuwa pia ubishi juu ya nani atakayetawala. Jambo hili litarudi kila mara katika habari zinazofuata.

3. Tume ya Bara Hindi, 1893 na 1894

Mwezi wa Machi mwaka 1893 mbunge mmoja wa Uingereza, Mark Stewart, aliuliza katika Bunge kama haifai kuchunguza kilimo na biashara ya bangi katika Bengal, na madhara yake kwa tabia za watu, na kama haifai kuikataza. Waziri akakubali, na uchunguzi ukaenezwa Bara Hindi yote. Tume iliwekwa ya watu saba, Wazungu wanne na Wahindi watatu, chini ya Mackworth Young. Walizunguka nchi muda wa mwaka mmoja, wakapokea ushahidi wa watu 1,193: maofisa, madaktari, wakulima, wauzaji, makuhani wa Kihindi, na wamisionari pia. Taarifa yao ilitoka mwaka 1894 katika vitabu saba.

Mashahidi wengi walisema kwamba bangi huleta wazimu. Walipoulizwa, “Umejuaje?” wengi walijibu kwamba wamesikia, au kwamba daftari za hospitali za wenye wazimu zasema hivyo. Basi Tume wakaenda kuzitazama daftari zenyewe. Wakakuta kwamba kila mgonjwa alipopelekwa hospitalini, karatasi yake ilikuwa na mahali pa kuandika sababu ya wazimu wake. Karatasi hiyo aghalabu iliandikwa na polisi aliyemleta, naye alitakiwa aandike neno. Kama alisikia kwamba mtu yule alipata kuvuta, aliandika ganja. Daktari aliyempokea hakuwa na habari nyingine, akanakili neno lile katika daftari; na mwisho wa mwaka hesabu ikapelekwa kwa serikali; na serikali ikaichapa; na wenye kusoma wakasema, “Hospitali zathibitisha.”

Tume wakachukua mwaka mmoja, 1892, wakatuma watu waende kwa jamaa za wagonjwa, mmoja mmoja, kuuliza habari upya. Katika mwaka ule waliingizwa wagonjwa 1,344, na daftari zilitaja bangi kuwa sababu kwa watu 222. Baada ya uchunguzi walibaki 98 tu, na katika hao, 61 ndio ambao haikuonekana sababu nyingine yoyote. Wengine walikuwa na wazimu katika ukoo wao, au walipatwa na ugonjwa mwingine, au hawakuvuta kamwe, au walianza kuvuta baada ya kuharibikiwa na akili.

Walakini Tume hawakusema kwamba bangi haina madhara, na wale wanaowataja leo kana kwamba walisema hivyo hawakuwasoma. Walisema kwamba matumizi ya kiasi, ambayo ndiyo ya watu wengi, hayana madhara makubwa. Na kwamba kupita kiasi huharibu mwili na akili. Kwa hiyo walishauri isikatazwe kabisa, bali itozwe ushuru, kilimo kisimamiwe, na wauzaji wawe na leseni. Walihofu kwamba wakiikataza watu watageukia vileo vibaya zaidi, na kwamba wataudhi dini ya wale wanaoitumia katika sikukuu zao. Wahindi wawili katika Tume, Soshi Sikhareswar Roy na Nihal Chand, hawakukubali, wakaandika maoni yao mbali, wakiona madhara kuwa makubwa kuliko wenzao walivyosema. Tena haifai kusahau kwamba serikali ilipata fedha nyingi kwa ushuru wa ganja. Mwenye fedha katika jambo si hakimu aliye huru. Ila kwa habari ya zile daftari, sijaona aliyeivunja hoja yao.

4. Mkutano wa Geneva, 1925

Miaka thelathini ikapita. Mataifa yalikutana Geneva toka Novemba 1924 hata Februari 1925 kwa ajili ya afyuni na dawa zitokazo kwake. Bangi haikuwa shabaha ya mkutano. Lakini mwaka 1923 serikali ya Afrika ya Kusini ilikuwa imekwisha kuandikia Chama cha Mataifa kwamba dagga itiwe katika orodha ya dawa mbaya. Na katika mkutano wenyewe mjumbe wa Misri, Dr. Mohamed El Guindy, alisimama akanena kwa nguvu juu ya hashishi. Alisema kwamba katika Misri wazimu mwingi, toka 30 hata 60 katika kila mia, watokana nayo. Wajumbe wengi hawakuijua hashishi hata kwa macho, wakashituka.

Twajua leo jinsi daftari za Misri zilivyokuwa. Katika hospitali ya Abbasiya, Cairo, mwaka 1920 na 1921, waliingizwa wagonjwa 715. Walioandikiwa hashishi walikuwa 19, na walioandikiwa pombe walikuwa 48. Haikosi Dr. El Guindy aliona katika nchi yake taabu ya kweli, naye alikuwa na haki ya kuitaka dunia imsaidie kuzuia hashishi iliyoingizwa kwa magendo. Lakini hesabu aliyoitoa haikuulizwa na mtu. Taarifa ya Bara Hindi, vitabu saba, ilikuwa imechapwa miaka thelathini nyuma, wala haikupimwa kando ya maneno yake. Mjumbe wa Bara Hindi alisema tu kwamba kwao kuna desturi na dini zisizoweza kukatazwa kwa siku moja. Wakapatana kwa neno la kati. Mkataba wa tarehe 19 Februari 1925 ulitaka nchi zizuie biashara ya magendo ya bangi baina yao, na zisipeleke utomvu wake katika nchi zilizokwisha kuukataza. Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, na jina likiisha kuandikwa katika orodha ya wabaya huwa vigumu kulifuta. Mkataba wa mwaka 1961 uliiweka bangi pamoja na heroini katika safu ya dawa za hatari kuliko zote, ukatoa muda wa miaka 25 kwa nchi zenye desturi ya kale kuikomesha. Ila majani, ile bhang ya Wahindi, hayakutiwa katika maana ya neno lile. Na mpaka leo katika baadhi ya majimbo ya Bara Hindi bhang huuzwa kwa leseni. Hapo ndipo yalipofaa yale majina matatu.

5. Afrika ya Kusini

Katika Natal, Wahindi walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa walikatazwa bangi kwa sheria ya mwaka 1870. Sheria ile haikuwataja Wazungu. Iliwataja vibarua wa Kihindi, kwa hofu kwamba hawatafanya kazi. Tangu mwaka 1922 katazo likaenea kwa watu wote wa nchi.

Mwisho wa karne ya ishirini alitokea mtu mmoja jina lake Gareth Prince, aliyekuwa amesoma sheria, naye ni wa dini ya Rastafari. Alipotaka kuandikwa miongoni mwa mawakili alikataliwa, kwa kuwa alikuwa amehukumiwa kwa kuwa na bangi, akasema wazi kwamba ataendelea kuitumia kwa ajili ya ibada. Akaenda mpaka Mahakama ya Katiba. Mwaka 2002 alishindwa, mahakimu watano juu ya wanne. Hakuacha. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ile ile, mahakimu wote kwa neno moja, iliamua kwamba mtu mzima aitumiapo bangi, au kuiweka, au kuilima, kwa siri yake na kwa matumizi yake mwenyewe, haifai kuadhibiwa, kwa kuwa katiba yalinda faragha ya mtu. Kuiuza kukabaki kosa. Bunge likapewa miezi 24 kutengeneza sheria. Ilichukua muda mrefu zaidi, na Rais Ramaphosa alitia sahihi mwezi wa Mei 2024.

Msomaji aangalie kwamba mahakimu hawakusema bangi ni njema. Waliulizwa swali jingine: mkono wa serikali wafika wapi? Maswali haya mawili hayana budi kutenganishwa, maana watu wawili waweza kupatana kabisa juu ya la kwanza na kuachana juu ya la pili.

6. Nchi zetu

Katika Tanzania bangi yakatazwa kwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, na Mamlaka iliyowekwa kwa sheria hiyo imefyeka na kuchoma mashamba ya bangi, kama yale ya Arumeru mkoani Arusha. Katika Kenya yakatazwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika kwamba ataka kuleta mswada wa kuiruhusu na kuisimamia. Alifariki mwezi wa Julai 2019 na neno lake halikufika mwisho. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kwamba nchi italima bangi na kulipa madeni yake. Alipata chini ya kura moja katika kila mia. Katika Uganda korti ya katiba ilibatilisha sheria ya madawa mwaka 2023, kwa kuwa idadi ya wabunge haikutimia ilipopitishwa. Sheria nyingine yenye kukataza ikafuata.

Nchi nyingine zimechukua njia ya tatu. Lesotho tangu mwaka 2017, Zimbabwe tangu 2018, na Malawi tangu 2020, zimeruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa. Na mwaka 2020 Rwanda nayo ilikubali ilimwe ili ipelekwe nje, huku raia akikatazwa kuivuta kama kwanza. Njia hii ina faida, lakini ina neno la kujiuliza. Katika Zimbabwe leseni ilipoanza kutolewa bei yake ilikuwa dola 50,000 za Kimarekani. Mkulima wa mlimani, aliyeijua mbegu hii toka kwa babu yake, hawezi kulipa fedha hiyo. Kwake yeye mmea ni kosa, na kwa mwenye leseni mmea ule ule ni mali. Tumekwisha kuyaona haya kwa Kalamba na katika Natal: katika kila hukumu ya bangi muna pia habari za nani mwenye nguvu.

Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura juu ya kuitoa bangi katika ile safu kali ya mwaka 1961. Walikubali 27, walikataa 25, mmoja hakupiga upande. Bara Hindi ilikubali, na Misri ilikataa, kana kwamba mkutano wa 1925 haukuvunjika. Afrika ya Kusini na Morocco zilikubali, Kenya ilikataa.

7. Yanayojulikana sasa

Mwaka 1839 daktari mmoja wa Calcutta, O’Shaughnessy, aliandika jinsi alivyotumia dawa ya bangi kwa wagonjwa, akiwamo mtoto mchanga mwenye degedege. Watu waliisahau habari hiyo. Mwaka 1964 Mechoulam na Gaoni walikitenga kile kilevi cha bangi, tetrahidrokanabinoli. Na kutoka kitu kingine cha mmea ule ule, kisicholevya, kiitwacho kanabidioli, ikapatikana dawa ambayo Marekani iliikubali mwezi wa Juni 2018 kwa watoto wenye aina mbili kali za kifafa.

Lakini yamejulikana mengine pia. Akili ya kijana haijakomaa, na avutaye sana tangu ujana hujitia katika hatari kubwa kuliko mtu mzima: kumbukumbu hupungua, masomo huharibika, na kwa wengine, hasa wenye wazimu katika ukoo, ugonjwa wa akili huamshwa au huzidishwa. Tena bangi inayouzwa siku hizi katika nchi nyingi ina kilevi kingi kuliko ile ya zamani, hata matokeo ya Tume ya 1894 hayawezi kuhamishwa yalivyo na kuwekwa juu yake. Kwa hiyo mwalimu anayewaonya vijana waiache hasemi uongo, na namsihi asiache kuwaonya.

8. Neno la mwisho

Niliahidi kueleza kwa nini jambo hili lanigusa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mkuu wa shule. Katika darasa la juu alikuwako mvulana mpole, naye akaanza kubadilika. Alikuwa akinyamaza katikati ya maneno, akikodoa macho; alitembea usiku; aliulizwa neno akajibu lisilo lake, na baadaye hakukumbuka. Alikuwa ameonekana mtoni pamoja na vijana waliojulikana kuwa wavuta bangi. Nilimwita, nikamkemea, naye akalia. Nikamwondoa shuleni, na katika daftari, mahali pa kuandika sababu, nikaandika neno moja: bangi.

Baada ya miaka miwili mama yake alikuja, na kijana nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto toka kiganjani hata kiwikoni. Alikuwa ameanguka jikoni. Mama akafungua kitambaa, akatoa karatasi ya hospitali, akaniwekea mezani. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema. “Wewe uliandika bangi. Daktari ameandika kifafa.” Hakusema zaidi, wala hakunilaumu. Kama mvulana yule alipata kuvuta hata mara moja, sijui mpaka leo, maana sikumwuliza. Nilikuwa nimekwisha kujua.

Niliposoma habari za polisi wa Bara Hindi na karatasi zake, nilijiona. Hakuwa mtu mwovu. Alitakiwa aandike sababu, akaandika ile iliyokuwa karibu. Katika miaka ile miwili mvulana angaliweza kupata dawa.

Basi, ndugu walimu, sheria za nchi zitaamuliwa na wabunge na mahakimu, na kila mmoja wetu atakuwa na mawazo yake. Mimi mwenyewe sijaamini kwamba nchi zetu zingefanya vema kuiuza bangi madukani. Wala sijaamini kwamba kijana aliyekutwa na msokoto mmoja hupona kwa kufungwa pamoja na wezi. Lakini kabla ya mawazo kuna ushahidi, na ushahidi huanza kwetu, katika daftari zetu. Mwanafunzi akibadilika, na aulizwe. Na apelekwe kwa daktari. Na mahali pa sababu pakae wazi mpaka sababu ijulikane. Daftari ile ningali ninayo. Neno la kwanza sikulifuta, nimelipiga mstari tu, na chini yake nimeandika la pili kwa mkono wangu, pamoja na tarehe aliyokuja mama yule.